Je, Wajua? Kiti Kimevunjika Mguu, Kiingereza Kinasemaje?

Mwezi uliopita mzee mmoja jirani yangu aliniita kibarazani kwake, akanikabidhi karatasi. “Mwanangu, hebu nipitishie jicho hapa.” Ilikuwa barua ya malalamiko. Alikuwa amenunua makochi, kitanda, kabati na meza ya kulia. Vilishushwa nyumbani kwake na mguu umevunjika, kitambaa kimechanika, mtoto wa meza hafunguki, na muuzaji alitaka malalamiko yaandikwe kwa Kiingereza. Nikachukua kalamu nyekundu. Kufika mstari wa 3 nikaiweka chini, kwani niliona kwamba karibu kila sentensi iliyokosewa ilikuwa sahihi ukiirudisha katika Kiswahili. Mzee alikuwa na sarufi safi ya lugha yake, akaijazia maneno ya watu wengine. Safu ya leo imetoka kwenye barua ile.

Je, wajua kwamba kwa Kiingereza fanicha haihesabiki? Viti vinahesabika, meza zinahesabika, lakini neno “furniture” limewekwa kapu moja na maji, sukari na mchanga. Hakuna “a furniture” wala “furnitures”. Ukitaka kusema fanicha 3 zimeharibika, andika “three pieces of furniture are damaged”. Mzee aliandika “these furnitures” kwa sababu Kiswahili kinamruhusu: fanicha hii, fanicha hizi. Wingi unabebwa na ngeli, neno lenyewe linakaa vilevile.

Je, wajua kwamba majirani wa Waingereza wanahesabu bila shida? Mfaransa ana “meuble”, Mhispania “mueble”, Mreno “móvel”, Mjerumani “Möbel”. Yote yanarudi kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kitu kinachohamishika. Kiingereza kilichukua njia yake: “furniture” limetokana na neno la Kifaransa la ugavi wa vitu vinavyohitajika, na zamani lilitumika hata kwa silaha na matandiko ya farasi. Mpaka leo vitasa na bawaba za mlango huitwa “door furniture”.

Sisi tuna samani, neno lililo ndugu wa thamani. Yote mawili chimbuko lake ni Kiarabu, katika neno la bei. Vitu vya ndani ni mali, na ndivyo neno linavyosema.

Je, wajua ni silabi gani iliyomsumbua mzee kuliko zote? Ni -me-. Tukisema “kiti kimevunjika”, tunaweza kuwa tunatoa habari ya tukio: nimesikia mlio sasa hivi, kimekwenda. Tunaweza pia kuwa tunaeleza hali: usikikalie hicho, kimevunjika tangu mwaka jana. Kiswahili kinatumia umbo lilelile kwa yote mawili na hakuna anayechanganyikiwa. Kiingereza kinatenganisha. Tukio ni “the chair broke” au “the chair has broken”. Hali ni “the chair is broken”. Mzee aliandika “the chair has broken since Monday”, na ukiirudisha kwetu utapata kiti kimevunjika tangu Jumatatu, sentensi isiyo na doa. Kiingereza kinataka “has been broken since Monday”, kwa sababu kuvunjika kulikwisha siku ileile, kilichoendelea mpaka leo ni hali ya kuwa kibovu. Ukifundisha watoto, anza hapa. Usiwaambie wamekosea wakati. Waulize kwanza kama wanaeleza tukio au hali.

Je, wajua kwamba kazi inayofanywa na konsonanti yetu moja, Kiingereza kinaifanya bila kuongeza chochote? Vunja, vunjika. Pasua, pasuka. Chana, chanika. Ng’oa, ng’oka. Bandua, banduka. Hiyo k ndiyo inayotuambia kwamba jambo limekipata kitu chenyewe, na aliyelifanya hatajwi. Kwa Kiingereza ni “I broke the chair” na “the chair broke”, kitenzi kilekile. Mwanafunzi anayesema Kiswahili huhisi kuna kitu kimepungua. Hutafuta mahali pa kuiweka ile k yake, akaishia kuandika “the chair broke itself” au “the chair is break”. Hana haja. Atoe neno la ziada, aache kitenzi peke yake.

Sasa nije kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote katika barua ile: “The sofa has broken its leg.” Kochi limevunjika mguu. Kwetu ni kawaida kabisa: kinachotajwa kwanza ni kitu kizima, kisha kiungo kilichopatwa. Mtoto amevunjika mkono, kiti kimevunjika mguu, kikombe kimekatika mkono. Mtu au chombo, mpango ni mmoja. Kwa Kiingereza “has broken its leg” husemwa juu ya kiumbe chenye uhai, farasi kwa mfano, aliyeanguka akaumia. Samani inasemwa kwa njia nyingine: “one of the sofa’s legs is broken”, au “the sofa has a broken leg”. Kiungo kinatangulia, au kinageuzwa kuwa kitu ambacho kochi linacho. Nilimweleza mzee hivyo, akaniuliza kama Waingereza wanaona mguu umevunjika na kochi limesalimika. Swali zuri. Kwa sarufi yao, ndiyo: kilichovunjika ni mguu tu.

Je, wajua kwamba kivumishi “broke”, kisicho na n mwishoni, kwa Kiingereza cha leo kina maana ya mtu aliyeishiwa fedha? Ukiandika “the table is broke” unasema meza haina pesa. Karne chache zilizopita “broke” ilitumika hata pale ambapo leo husemwa “broken”, na maana hii ya ukata ni masalio yake.

Na katika kufilisika pia kuna fanicha iliyovunjika. Neno “bankrupt” linatokana na Kiitaliano “banca rotta”, yaani benchi lililovunjika: benchi ambalo mbadilishaji fedha aliketi sokoni akifanya biashara yake. “Banca” hilohilo ndilo lililozaa “bank”, nalo lenyewe lina asili moja na “bench” ya Kiingereza. Maneno hayo mawili yakaja kwetu kwa nyakati na njia zake, na leo tunasema benki na benchi bila kufikiri kwamba ni ndugu wa damu.

Je, wajua kwamba kukatika kunaweza kukuponza? Kamba ya kitanda ikikatika, sisi tunasema imekatika, kama umeme, kama mvua, kama mawasiliano. Mzee aliandika juu ya mkanda wa chini ya kochi: “the belt is cut”. Mwingereza anaposoma hivyo anaona mkono wenye kisu. Kilichokatika chenyewe kwa kuvutwa au kulemewa ni “snapped”. Hata ubao mwembamba uliokatika vipande viwili kwa mlio ni “snapped”. Badili neno hilo moja, na muuzaji hatauliza nani alishika kisu.

Kupasuka nako ni bahari. Kwetu mpira unapasuka, kioo kinapasuka, ubao unapasuka, nguo inapasuka, bomba linapasuka. Kitenzi kimoja kinakusanya kila kitu kinachoachana kwa nguvu. Kwa Kiingereza inabidi uulize kwanza ni kitu gani. Mpira wa gari na bomba ni “burst”. Kioo cha meza chenye ufa ni “cracked”. Kikiwa chembechembe sakafuni ni “shattered”. Ubao uliofuata nyuzi zake ukaachana ni “split”. Kitambaa ni “torn” au “ripped”. Sahani au marumaru iliyomegeka ukingoni ni “chipped”. Kabati la chuma lililobonyea ni “dented”. Mzee aliandika “the mirror of the table is burst”, na hapo makosa ni mawili, kwani kioo chetu ni “mirror” kikiwa cha kujitazamia na ni “glass” kikiwa cha kuwekea vikombe.

Usidhani lakini kwamba Kiingereza ndicho chenye utajiri wote. Neno lao “broken” linafunika vilivyovunjika, vilivyokatika na vilivyoharibika. Televisheni isiyowaka na mguu wa meza uliokwenda vipande viwili vyote ni “broken”. Sisi tunatofautisha. Hakuna Mswahili anayesema televisheni yake imevunjika kama haijaanguka.

Je, wajua kwamba “damage” na “damages” ni mambo mawili? “Damage” ni uharibifu, nayo haihesabiki kama “furniture”. “Damages” ni fidia ya fedha inayotolewa na mahakama. Mzee aliandika “the table has many damages”, na mwanasheria angeelewa kwamba meza imeshinda kesi nyingi. Andika “the table is badly damaged”, au taja kasoro moja moja.

Maziwa ndiyo “spoiled”. Mtoto aliyedekezwa naye ni “spoiled”, na sherehe iliyovurugika. Meza siyo. Kuharibika kwetu kunachukua vyote, ndiyo maana huku tunasikia kila siku “my chair is spoiled”. Na “injured” ni ya watu na wanyama, kabati haliumii.

Je, wajua kwamba chozi na mchaniko huandikwa sawasawa kwa Kiingereza? “Tear” ya chozi hutamkwa karibu na tia. “Tear” ya mchaniko hutamkwa karibu na tea. Katika maandishi, muktadha ndio unaokuokoa.

Herufi moja tu: “loose” ni kilicholegea, “lose” ni kupoteza. Mguu wa kiti ni “loose”. Hata wenye lugha yao hukosea hapa.

Je, wajua kwamba mkwaruzo uko juu na tundu liko ndani? Sisi tuna kwenye, na tuna -ni: mkwaruzo kwenye meza, tundu kwenye kochi, ufa mezani, doa mezani. Neno halijali kama kasoro imekaa juu ya uso au imeingia mwilini. Kiingereza kinajali sana. Kilicho juu ya uso kinachukua “on”: “a scratch on the table”, “a stain on the cushion”, “a mark on the door”. Kilichopenya kinachukua “in”: “a hole in the sofa”, “a crack in the glass”, “a tear in the fabric”, “a dent in the side”. Mimi mwenyewe nilifundishwa hili kwa orodha ya kukariri, na nikalisahau kila mwaka mpaka nilipoanza kupitisha kidole. Kidole kikiteleza juu ya kasoro, ni “on”. Kikizama, mara nyingi ni “in”.

Je, wajua kwamba meza zetu zina watoto? Mtoto wa meza ni lile sanduku dogo linalovutwa kutoka tumboni mwa meza. Wengine huliita saraka, wengine droo. Mzee alipoandika “the child of the table is refusing to open”, alikuwa anatafsiri jina zuri kuliko lile la Kiingereza. “Drawer” maana yake ni kinachovutwa, basi. Na andika r ya mwisho: “drawer” na “draw” yanakaribiana kwa sauti, lakini “draw” ni kuchora au kuvuta.

Kabati nalo lina kisa. Neno la Kiingereza “cupboard” linaandikwa kwa p isiyotamkwa, kwa sababu mwanzoni lilikuwa ubao au meza ya kuwekea vikombe. Waswahili walilichukua kwa sikio, wakaandika walichosikia. Mtoto anayeandika “cabard” kwenye insha yake ya Kiingereza amesikia vizuri kabisa, na mwalimu amwambie hivyo kabla ya kumkata alama.

Hebu tazama pia “divan”. Kwa Kiingereza ni kitanda au kochi la chini lisilo na egemeo. Asili yake ni Kiajemi, neno la baraza na ofisi ya serikali, na kiti kilipata jina hilo kwa sababu kwenye vyumba vya baraza watu waliketi kwenye viti virefu vilivyopangwa kandokando ya kuta. Neno hilohilo liko kwetu: diwani wa kata, na diwani ya mashairi. Sofa nayo chimbuko lake ni Kiarabu. Meza ni ya Wareno. Kiti na kitanda ni vyetu tangu mwanzo.

Na maadam nimetaja kitanda. Mzee hakujua neno la Kiingereza la chaga, zile mbao za kukingama zinazobeba godoro. Ni “slats”: “three of the slats have snapped”. Lakini mimi naye tulikaa muda mrefu tukikumbushana majina ambayo kitanda cha kamba cha pwani kilikuwa nayo, na ambayo vijana wengi hawayasikii tena. Mguu wa kitanda ni tendegu, wala hauitwi mguu tu. Mbao za ubavuni ni mifumbati. Zile fupi za kichwani na miguuni ni vitakizo. Upande wa kulaza kichwa ni mchago. Kukifunga kitanda kwa kamba ni kukiwamba, kama ngoma inavyowambwa ngozi. Fundi akiambiwa tendegu la mchagoni limelegea, anajua pa kuweka nyundo kabla hajaingia chumbani. Tunawasahihisha watoto Kiingereza cha fanicha. Tuwafundishe na haya.

Je, wajua kwamba ngeli zetu hulinda heshima ya watu? Katika barua ile palikuwa na sentensi hii: “I bought a table for my wife with a broken leg.” Mzee alikusudia meza yenye mguu uliovunjika. Kiingereza kimemvunja mguu mama wa watu, kwa sababu maneno “with a broken leg” yamekaa karibu na mke, mbali na meza. Kwa Kiswahili jambo hili ni gumu kutokea. Ukisema yenye, ni meza. Ukitaka kumsema mke lazima utamke mwenye. Hata ukitupa maneno mbali kiasi gani, kiambishi kinarudi nyumbani kwake. Kiingereza hakina kamba hiyo, hivyo sharti maelezo yakae jirani na kinachoelezwa: “I bought my wife a table. One of its legs is broken.” Kuna mfano wa siku nyingi unaotumiwa kufundishia kosa hili, wa tangazo la meza ya kale inayomfaa mwanamke “with thick legs and large drawers”. Miguu minene ilikuwa ya meza, na “drawers” zilikuwa saraka. Lakini “drawers” pia ni neno la zamani la nguo za ndani, na aliyeaibika ni mwanamke.

Meza inacheza. Jino linacheza, msumari unacheza. “The table is playing”, aliandika mzee. Neno linalotakiwa ni “wobbles”, au “the table is wobbly”.

Je, wajua kwamba kiti kinaweza kupata matege? “Rickety” ni kivumishi cha Kiingereza cha kiti au meza iliyolegea viungo, inayotishia kuanguka. Limetoka kwenye “rickets”, ugonjwa wa mifupa wa watoto unaoletwa hasa na upungufu wa vitamini D, ule unaopinda miguu.

Kigoda cha miguu mitatu hakichezi, hata sakafu iwe mbovu namna gani, kwa sababu nukta 3 daima hukaa katika bapa moja. Mguu wa nne ndio unaoleta ugomvi. Lakini wanahisabati wamethibitisha jambo la kupendeza: meza ya mraba yenye miguu iliyo sawa, ikiwa juu ya sakafu yenye mabonde yasiyo makali, ukiizungusha papo hapo, ndani ya robo ya mzunguko utapata mahali ambapo miguu yote 4 inagusa chini. Kwa hiyo kabla ya kuandika “the table is faulty”, izungushe. Ikitulia, mwenye kasoro ni sakafu. Nilimwambia mzee, tukaizungusha, ikatulia. Mstari huo tukaufuta kwenye barua.

Na jihadhari na “three-legged”. “A three-legged stool” ni kigoda kilichoundwa hivyo. Kiti kilichopoteza mguu ni “a chair with a missing leg”.

Je, wajua kwamba “woodworm” si mnyoo? Ni buu la mbawakawa mdogo, na vile vitundu unavyoviona kwenye kiti cha zamani, vyenye upana wa kama milimita 1 hadi 2, ni milango aliyotokea akiwa ameshakuwa mdudu kamili. Vilevile mchwa, ambao Waingereza wa enzi za ukoloni waliwaita “white ants”, hawana undugu na chungu wala siafu. Wako katika oda moja na mende. Kabati lililoliwa na mchwa liandike “eaten by termites”. Usiandike “ants”, fundi wa dawa atakuja na dawa isiyofaa.

Maumbo ya zamani ya vitenzi hayajafa. Ubao “has rotted”, lakini ubao wenyewe ni “rotten”. Mbao “has shrunk”, lakini kitu kilichosinyaa ni “shrunken”. Na waya uliopinda ni “bent”. “Bended” imebaki kwenye magoti ya kuombea tu.

Je, wajua kwamba vivumishi vya Kiingereza vina foleni? J.R.R. Tolkien, katika barua aliyomwandikia mshairi W.H. Auden mwaka 1955, alikumbuka kwamba utotoni aliandika hadithi ya joka, na mama yake akamwambia haisemwi “a green great dragon”, ni “a great green dragon”. Ukubwa kwanza, rangi baadaye. Kwa samani mbovu foleni ni hiyohiyo: hali inatangulia, kisha umri, rangi, na malighafi inakaa ikigusana na nomino. “A broken brown wooden chair.” Sasa isome kinyumenyume, kuanzia mwisho, neno kwa neno, utapata: kiti, cha mbao, cha kahawia, kilichovunjika. Ni Kiswahili sanifu. Ukishindwa kukumbuka mpangilio wao, sema kwetu kisha igeuze.

Je, wajua neno linaloweza kukurudishia fedha? Ni “worn”. Mikataba ya kupanga nyumba zenye samani huko Uingereza hutofautisha “damage” na “fair wear and tear”, yaani uchakavu wa kawaida unaoletwa na matumizi. Uchakavu huo mwenye nyumba haruhusiwi kumkata mpangaji. Huko England na Wales, tangu Aprili 2007 amana za wapangaji wengi wa nyumba binafsi lazima zilindwe kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali, na ugomvi ukitokea, msuluhishi husoma maandishi na kutazama picha. Mswahili anayehama nyumba London au Leicester, akaandika “the sofa is damaged” kwa kochi lililofifia rangi kwa kukaliwa miaka 4, ameshajihukumu. Rangi iliyofifia ni “faded”. Kitambaa kilichokwisha ni “worn” au “threadbare”. Michubuko midogo ni “scuffed”. Kiti kilichobonyea katikati ni “sagging”. Hayo yote ni ya uchakavu. Tafadhali, wenye ndugu huko, wapelekeeni aya hii.

Kwa mnunuzi wa kitu kipya, neno la kujua ni “faulty”: kina kasoro kilikotoka. “Damaged” ni kilichodhurika baadaye, labda njiani, labda mkononi mwako. Mzee alikuwa ametumia “damaged” kila mahali. Kwa mguu wa kochi tuliandika “arrived damaged”, kwa saraka tukaandika “faulty”, kwa sababu ilikuwa imekatwa vibaya kiwandani na hakuna msafirishaji angeweza kuiharibu namna ile.

Je, wajua kwamba umbo la kitenzi hubadilisha fidia? Mwaka 2010 Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, watafiti wa saikolojia waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha utafiti kuhusu kisa cha mkahawani: leso ya mama mmoja inashika moto kwenye mshumaa, kitambaa cha meza kinaungua, hasara inatokea. Baadhi ya washiriki walisoma kwamba yeye aliupindua mshumaa, wengine kwamba mshumaa ulipinduka. Kisa ni kilekile. Waliosoma aliupindua walimlaumu zaidi na kumtoza fedha nyingi zaidi. Mwaka uliofuata wawili hao walionyesha kwamba wasemaji wa Kiingereza, ambao hata ajali huieleza kwa kumtaja mtendaji, humkumbuka aliyesababisha ajali vizuri kuliko wasemaji wa Kihispania, ambao huwa wanasema kitu kilivunjika. Sisi tuko karibu na Wahispania. Chombo kikianguka jikoni, tunasema sahani imevunjika. Mgeni anayetusikia asidhani tunaficha. Ndivyo lugha inavyoliona jambo lisilokusudiwa. Lakini ukiandika kwa Kiingereza na unamjua aliyevunja, mtaje, au tumia “was broken by”. Wasomaji wa lugha hiyo wanamsubiri.

La mwisho linatoka Geneva. Mbele ya lango la Umoja wa Mataifa kuna kiti cha mbao chenye urefu wa mita 12 na uzito wa tani 5.5, kilichobuniwa na mchongaji Daniel Berset na kusimamishwa Agosti 1997 na shirika la Handicap International. Kina miguu 3 mizima. Wa nne umekatika kati, umeacha vibanzi kama mfupa. Kiliwekwa kuzishawishi nchi zitie saini mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, mkataba uliosainiwa Ottawa Desemba mwaka huohuo, na kilikusudiwa kukaa miezi michache tu. Jina lake ni “Broken Chair”. Kiingereza kwa neno “broken” hakisemi kama kuna aliyekivunja. Mwandishi wa Kiswahili anayelitafsiri jina hilo analazimika kuchagua kati ya kilichovunjika na kilichovunjwa, na magazeti yetu yakikitaja kiti kile, yaandike Kiti Kilichovunjwa.